Kiuno Kikiuma Mwezini

Wanawake wengi ambao kiuno huwauma wakiingia mwezini huamini kuna kitu kimeteguka mgongoni. Mara nyingi mgongo wenyewe ni mzima. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huukaza msuli wa mfuko huo hadi damu inayoulisha ipungue. Neva zinazopeleka maumivu hayo huingia kwenye uti wa mgongo pale pale zinapoingia neva za kiuno, na ubongo hushindwa kuzitenganisha. Ndiyo maana dawa ya kuchua huishia juu juu, wakati ibuprofeni, inayozuia prostaglandini zisitengenezwe, huwatuliza wengi (mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza).

Mazoezi nayo? Wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopima tafiti za tiba, walikusanya tafiti mwaka 2019 wakaona kwamba waliofanya mazoezi dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, walipunguza maumivu ya hedhi kwa takriban alama 25 kati ya 100 kuliko wasiofanya. Ushahidi huo bado haujakomaa, lakini nafuu ya kiasi hicho haidharauliki, na zoezi halikulazimika kuwa gumu. Tatizo ninaloliona ni kwamba wengi husubiri damu ianze ndipo watandike mkeka. Mazoezi ni ya mwezi mzima. Hata kutembea kwa kasi kunatosha.

Maumivu yakishapanda, punguza mwendo. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, kiganja kiwe chini ya kiuno. Toa pumzi polepole huku ukikandamiza kiuno mpaka kiganja kibanwe. Vuta pumzi, kiachie. Rudia mara kumi, kisha weka chupa ya maji moto chini ya kitovu. Makungwi wa pwani, wanaowafunza wari kunyonga kiuno, watacheka wakisikia zoezi hili nalo linaitwa tiba.

Ila maumivu yanayotangulia hedhi kwa siku kadhaa, yanayozidi mwaka hadi mwaka, au yanayoambatana na kuumia wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa, yanahitaji daktari wa wanawake: huenda ni endometriosisi (utando kama ule wa mfuko wa uzazi kuota nje yake) au uvimbe kwenye kizazi. Ukipata ganzi sehemu za siri au mkojo ukigoma au kukutoka bila kujua, hapo huenda ni mgongo kweli: nenda hospitali siku hiyo hiyo.