Mji Unaojulikana kwa Kukaa

Wageni wanaopita Mji Mkongwe wa Unguja hupiga picha milango. Wana haki. Mlango wa kizamani wenye misumari ya shaba na nakshi za minyororo, samaki na yungiyungi ni kazi ya kutazamwa, na aliyeizoea milango hiyo hautazami ule wa Kiarabu, uliochongwa aya za Qur'ani juu yake, akaudhani ni wa Kihindi, unaokunjika vipande vipande. Lakini nikiulizwa ni kiungo gani cha nyumba za mji huu kinachobeba maisha ya wenyewe, sitautaja mlango. Nitataja baraza, lile benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta, nje, ubavuni mwa huo mlango unaopigwa picha.

Baraza ni la nyumba, na ni la njia vilevile. Mwenye nyumba amelijenga kwa gharama yake, ila mpita njia hukaa bila kuomba ruhusa, mradi atoe salamu. Nyumba ya Mji Mkongwe ina stara yake. Mwanamume asiye jamaa haingii ndani hivi hivi, na kumwacha amesimama juani nako ni aibu kwa mwenye nyumba. Baraza ndilo linalotatua hilo. Hapo watu huuziana, husuluhishana, husomeana barua, na ndipo habari ya msiba hufika kwanza kabla haijatangazwa msikitini. Mvua ya masika ikishuka na vichochoro vikageuka mito, watu hukunja kanzu na kupita juu ya mabaraza, kutoka nyumba hadi nyumba.

Ukitaka kuzijua nyumba zenyewe, anza na vipimo vya chumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi cha kuweka ubaridi ndani hata adhuhuri ya Januari. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, na fundi hakuweza kutanua chumba zaidi ya pale boriti inapofika, takriban mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, viwe vya tajiri au vya mtu wa kawaida. Na chokaa hupumua. Ukuta wake ukilowa, hukauka. Ukipigwa plasta ya saruji, kama wengi walivyofanya kwa nia njema, unyevu hufungiwa ndani, boriti zikaoza kimyakimya na siku moja dari ikashuka.

Si saruji peke yake iliyouumiza mji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi walihama kwa haraka, majumba yakaingia mikononi mwa serikali na kugawiwa wapangaji. Nyumba ya ukoo mmoja ikawa na familia kadhaa, kila moja na chumba chake, na paa likawa si la mtu. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Yapo yaliyookolewa. Ile zahanati ya zamani ya mfanyabiashara Tharia Topan, iliyoanza kujengwa 1887 na kumalizika 1894, ilirudishiwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Aga Khan, roshani zake za mbao zilizochongwa. Lakini Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, upande wake uliporomoka mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Kila mwenyeji wa mjini anakumbuka alikuwa wapi siku ile. Nadhani huzuni ile ilikuwa kubwa kwa sababu sote tulikuwa tumezoea kulitazama jumba lile kana kwamba halihitaji mtu.

Kahawa huanza baada ya sala ya alasiri. Muuzaji huja na dele lake, makaa yakiwaka chini, na mkono wa pili ana vikombe vidogo visivyo na kishikio. Huvigonganisha, na mlio huo ndio tangazo lake, hana haja ya kupaza sauti. Humimina kidogo, nusu kikombe, nyeusi, chungu, wakati mwingine na tangawizi. Hakuna sukari. Utamu uko kwenye kashata ya njugu au ya nazi, unayoimega kidogo kidogo. Kikombe kidogo kina hekima yake, maana kahawa haipoi, na mtu hana budi kuongezwa, na kila akiongezwa anabaki. Aliyefika mwishoni huwasikia wengine wakisema kikombe chake kimeshalipiwa, naye kesho atamlipia mwingine.

Mahali panapojulikana zaidi kwa kahawa ni Jaws Corner, upande wa Sokomuhogo, pale vichochoro kadhaa vinapokutana. Jina limetokana na filamu ya papa. Huko utakuta bao, dhumna, karata, na siasa, hasa siasa. Mabaraza ya Unguja hayajawahi kuwa mahali pa porojo tupu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, watu walianza kukaa kwa vyama, na baada ya uchaguzi wa 1995 uhasama ulifikia watu kususiana arusi na hata maziko. Kwa jamii ambayo kuhudhuria maziko ni jambo lisilo na mjadala, hilo lilikuwa jeraha kubwa kuliko lolote lililosemwa majukwaani. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, yalisifiwa sana kwa serikali ya umoja iliyozaliwa mwaka uliofuata. Mimi nayapima kwa kitu kingine. Watu waliweza tena kukaa baraza moja.

Siku hizi zipo pia nyumba za kahawa zenye mashine, viti vya mto na bei ya kitalii, nyingi ndani ya majumba ya kale. Sina ugomvi nazo. Nyumba inayoingiza fedha hutengenezwa paa, na vijana wengi wamepata kazi humo. Ninachokiombea ni kwamba lango lisipanuliwe kwa kuvunja baraza, kwani hilo limetokea zaidi ya mara moja pale duka lilipotaka kioo cha maonyesho.

Kahawa basi ni ya alasiri. Asubuhi ni ya mitumba. Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, soko kuu lilijengwa 1904 karibu na mkono wa bahari uliofukiwa baadaye. Nguo za mitumba huko, na kule Mwanakwerekwe, zimetundikwa au zimemwagwa chini juu ya turubai. Masoko yamejengwa upya miaka ya karibuni na wauzaji wamehamahama, lakini utaratibu wao ni uleule. Belo likifunguliwa, wenye macho wanakuwa wameshafika. Kinachobaki mchana ni cha kuchakura, na bei imeshuka.

Anayejua mtumba haanzi kwa kuipenda nguo. Anageuza kola aone kama imelika, ananusa kwapa, anavuta zipu juu na chini, ananyoosha mshono kwa vidole gumba viwili, kisha anainua kitambaa juani kutafuta tundu. Yote haya hufanywa muuzaji akitazama, wala haoni vibaya. Halafu ndipo maneno.

"Hili bei gani, yakhe?"

"Elfu kumi. Kitani hicho, hukipati dukani."

"Nakijua kitani. Mwisho?"

Kabla ya "mwisho" huwa wameshaulizana hali, nyumbani, na watoto. Anayekuja na bei mdomoni bila salamu huuziwa kwa bei ya mtu asiye na salamu.

Inasemwa mara nyingi kuwa mitumba imeviua viwanda vyetu vya nguo, na hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza hadi kuiondoa. Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru, nyingine zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa manufaa ya nguo mwaka 2018. Ningependa sana kuona shati lililofumwa kwa pamba ya Shinyanga likishindana pale Darajani. Lakini wakati huo haujafika, na ninaloliona sasa ni jinsi watu walivyoitia nguo ya mgeni adabu za nyumbani. Shati huoshwa, hukaushwa juani, hupigwa pasi, kisha hufukizwa udi juu ya chetezo, mpaka harufu ya meli na ghala imekwisha. Asubuhi ya Idi, mtoto aliyevalishwa nguo hiyo amevaa nguo mpya, wala hakuna atakayesema vinginevyo.

Kwa wenye subira zaidi yapo maduka ya vitu vya kale, huko Hurumzi na mtaa wa Gizenga. Saa za ukutani, sinia za shaba, makasha yenye misumari, sahani za Kichina. Nyingine zimechongwa juzi na kupakwa uzee. Nyingine zilikuwa za familia zilizoondoka. Mimi huziangalia hizo kwa moyo mzito, kwa kuwa sinia iliyokwanguka katikati ilikwanguliwa na vidole vya watu waliokuwa wakila pamoja. Si kila kilichouzwa kiliuzwa kwa hiari.

Mtumba wenyewe haujanunuliwa sawasawa mpaka ufike barazani. Pita Sokomuhogo na mfuko mkononi uone kama utaachwa.

"Umebeba nini, mwanangu?"

Shikamoo kwanza, kisha unaufungua mfuko. Shati linapita mikononi mwa watu watano, kila mmoja akigeuza kola upya. Mzee mmoja, fundi cherehani wa zamani, anaukagua mshono wa bega na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mwingine anauliza bei. Ukitaja elfu saba, mmoja atasema umepigwa, mwingine atasema umeokota, wa tatu atasema ungemfuata mpwa wake Mwanakwerekwe ungelipata kwa tano. Ubishi huo hauishi. Wakati unaendelea, muuza kahawa ameshakumiminia, na jirani yako anakuonyesha kwa kidevu nyumba ya mkabala, akianza kukueleza ilikuwa ya nani na kwa nini roshani yake imejengwa upande ule.