NYOTA: Mbona msee wa Laisamis ana chansi kukuliko wewe wa Umoja

Wasee wa Nairobi, kabla mlie ati NYOTA imewaruka, pigeni hesabu kidogo.

Huu mradi wa serikali, wenye doh ya Benki ya Dunia, unachukua vijana wasiopungua 70 kwa kila wodi, iwe imejaa watu ama iko na mbuzi tu. Marsabit ina wodi 20, so hiyo ni vijana 1,400. Nairobi ina 85, yaani 5,950. Lakini sensa ya 2019 ilipata watu milioni 4.4 Nairobi, Marsabit kama 460,000. Gawanya sasa. Msee wa Laisamis amekupita zaidi ya mara mbili. Na ni poa, juu huko kazi ya kuandikwa unatafuta na tochi.

Ganji ni 50,000, lakini haiingii mara moja. Awamu ya kwanza ni 25,000: 22,000 ya biashara, 3,000 inalala NSSF kama akiba. Hulipi. Ni ya waliofika Form Four kwenda chini (mimi niliacha koleji, so natazama tu).

Kitu tamu kwangu ni cheti. Fundi wa pikipiki aliyejifunzia jua kali anapimwa kazi yake, anapewa karatasi.

Noma iko kwa kujisajili. Ilikuwa *254#, hata kabambe inatosha, bila bundles. Lakini netiwaki lazima, na Marsabit inatoshea Nairobi mia moja. Kama unachunga mbuzi mahali simu haishiki, siku zinaisha hata hujaskia kulikuwa na kitu.