Mashini ya Wallace na wamama wa kutwanga

Siku moja ya Mungu, kisha misa, tulikusanya watoto wa wanachama wetu mu salle moja ndogo ya Kadutu tuwaonyeshe filamu. Tulikuwa na kompyuta moja, projekta ya kuazima, na shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Tulingojea watoto thelathini. Walikuja na mama zao, na baba wawili watatu walioshuka toka Kamituga juu ya matanga, nao wakakaa nyuma, sawa vile watu waliopita tu njiani.

Filamu ni ya Waingereza, ilitoka mwisho wa 2024. Kwa Kifaransa inaitwa Wallace et Gromit : La Palme de la vengeance. Ni ya kuchekesha, mkubwa na mdogo wanaangalia pamoja bila mtu kuona haya. Watu wake si wachezaji, wala si michoro: ni sanamu za udongo laini. Mtengenezaji anasogeza mkono wa sanamu kidogo sana, anapiga picha, anasogeza tena, anapiga nyingine. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Aliyewahi kupasua mwamba kwa marto na burini, sentimita kwa sentimita, ataelewa mara moja hiyo ni kazi ya namna gani. Nick Park, aliyezaa sanamu hizi, alitoa filamu yao ya kwanza 1989, na leo bado yuko ndani.

Wallace ni bwana mmoja mpenda jibini ambaye anavumbua mashini kwa kila kitu. Asubuhi kitanda kinamwaga kama mchanga wa kipala, mashini inamvika suruali, nyingine inampakia mkate. Anaishi na mbwa wake Gromit, mwenye akili kumupita, na ambaye hasemi neno hata moja. Wallace ametengeneza mpaka mashini ya kumpapasa mbwa kichwani, ili yeye mwenyewe asijisumbue. Watoto walicheka mpaka wengine wakaanguka ku benchi.

Kisha ikaja Norbot. Gromit ana bustani yake, anaipenda, anaipalilia kwa mikono. Wallace akaona mbwa anachoka, akamtengenezea roboti ndogo ya kulima. Hakumwuliza. Ile roboti ikaingia na makasi, kwa dakika chache kila ua likakatwa mraba, kila mti ukawa sawasawa na mwingine. Majirani wakapiga makofi, wakataka nao wawe nayo, na Wallace akafungua biashara. Gromit akabaki amesimama anaangalia.

Hapo upande wa wamama ulinyamaza. Mmoja akasema, si kwa sauti kubwa: “Kumbe ni konkasere hii.”

Kwa wasiofika Kamituga, kule mu territoire ya Mwenga, kilomita karibu 180 toka hapa: jiwe likitoka shimoni lazima lisagwe mbele ya kuosha dhahabu. Kwa miaka mingi iliyofanya kazi hiyo ni mikono ya wamama, wanaoitwa twangeuses. Mama anakaa chini na chuma chake, anatwanga jiwe mpaka linakuwa unga, na ndiko kunatoka pesa ya masomo na ya dawa. Katika miaka ya 2010 zikaingia mashini za kusaga. PDG, ndiye mwenye shimo, alihesabu upesi: mashini haichoki, haiibi, haileti mutoto mgongoni. Wamama wengi wakaambiwa warudi nyumbani, au wapepete mabaki.

Siye ma syndicaliste hatulii juu ya lile chuma. Kutwanga kunavunja mgongo, na vumbi lile linakaa mu mapafu mpaka kufa. Mama akisema amechoka na kazi hiyo, ana haki. Lakini hakuna aliyekuja kumwuliza anataka nini: kiti, maski ya vumbi, bei nzuri zaidi kwa beseni, au hisa mu mashini yenyewe. Walimletea msaada kama Wallace alivyomletea Gromit.

Turudi ku filamu. Pengwini mmoja mwizi, Feathers McGraw, ambaye wapenzi wa Wallace wanamjua tangu filamu ya 1993, amefungwa mu bustani ya wanyama. Toka huko anaingia mu kompyuta ya Wallace, anabonyeza mahali pamoja tu, roboti inaacha wema inashika ubaya. Inajitengenezea wenzake, wanaanza kuiba mu nyumba zilezile walizoajiriwa. Polisi wanafika kwa nani? Kwa Wallace. Pengwini hajulikani.

Baba mmoja wa nyuma alisimama kwa sehemu hiyo. Hakueleza kwa nini. Kila mchimbaji aliyesimamishwa ku bariere na gramu mbili mfukoni, huku mizigo mikubwa inapita, anaelewa.

Katikati ya mbio za mwisho umeme ukaenda. Fundi wetu kijana alikuwa amejitayarisha, Article 15, na betri ya pikipiki na nyaya za rangi tatu. Akaunganisha. Ikatoka moshi, na harufu ya plastiki, watoto wakashangilia wakifikiri ni sehemu ya filamu. Mwisho tuliuona kisha saa moja na nusu: Wallace anaacha mashini yake, anampapasa mbwa kwa mkono wake.

Hata kwetu kazi hii ipo. Wanaume wawili wa Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim, walitoa 2019 filamu fupi inayoitwa Machini. Wao walitumia mawe na chaki: mawe ndiyo watu, wanaoishi chini ya moshi wa viwanda na migodi. Haichekeshi. Tungependa kuionyesha pia, lakini kwa wakubwa kwanza.

Watoto hawakungoja. Walichota udongo mu mtaro, simu ya dada mmoja ikapiga picha 96 kufika jioni. Zikatoka sekunde nne. Ni mama wa udongo anayetwanga. Anainua chuma mara mbili, na mara ya tatu mkono unakatika.