Ushindi 489, Bila Kipenga

Katika futiboli ya Marekani ya vyuoni, hakuna kocha aliyeshinda mechi nyingi kama John Gagliardi: 489. Alishindwa 138, akatoka sare 11. Anayeanza ukocha leo, hata akishinda mechi 10 kila msimu, atamfikia baada ya miaka 49.

Na hakuzipata katika vyuo vyenye viwanja vikubwa na fedha za televisheni. Karibu zote alizipata Saint John's, chuo cha Wabenedikto huko Collegeville, Minnesota, alikofundisha misimu 60, tangu 1953 hadi 2012. Hapo ni Daraja la Tatu la michezo ya vyuo: mchezaji halipiwi ada kwa sababu anajua mpira.

Kazi aliianza akiwa na miaka 16. Mwaka 1943, huko Trinidad, Colorado, kocha wa sekondari yake aliitwa jeshini, na nahodha Gagliardi akaichukua timu.

Lakini kinachonifanya nimheshimu kuliko idadi ya ushindi ni mambo aliyoyakataa. Mazoezini kwake hapakuwa na kuangushana. Hapakuwa na kipenga. Dakika 90 zilipoisha, watu walikwenda zao. Kijana yeyote aliyejiandikisha hakufukuzwa kikosini, na kwa hiyo misimu mingine wachezaji walizidi 150. Wala hakutaka kuitwa kocha: vijana wa miaka 18 walimwita mzee wa miaka 80 John, basi. Katika mchezo unaoumiza ubongo kwa kugongana vichwa, huyu aliwalinda wanafunzi wake miongo mingi kabla wakubwa hawajashtuka. Ligi ya Ivy, yenye Harvard na Yale, ilikuja kupiga marufuku kuangushana katika mazoezi ya msimu mwaka 2016. Waliodhani ukali ndio unaoleta makombe wangeanza kwa kueleza hizo 489.

Mwaka wake mkubwa ulikuwa 2003. Novemba 8 aliifunga timu ya chuo cha Bethel 29-26, ushindi wa 409, akampita Eddie Robinson wa Grambling, Louisiana, aliyestaafu na 408. Desemba akaingia fainali ya taifa dhidi ya Mount Union ya Ohio, iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo, mfululizo mrefu kuliko wowote vyuoni. Gagliardi, akiwa na miaka 77, aliukata kwa 24-6. Likawa taji lake la nne la taifa, baada ya yale ya 1963, 1965 na 1976.

Kwa wastani, hata hivyo, nafasi ya kwanza ni ya kocha wa Mount Union yenyewe, Larry Kehres: ushindi 332, vipigo 24, sare 3, yaani asilimia 92.9. Naye msimu wake wa mwisho ulikuwa 2012.

Tangu 1993 mchezaji bora wa Daraja la Tatu hupewa Tuzo ya Gagliardi, ambayo hupima pia masomo yake na utumishi wake kwa jamii. Ile ya 2003 ilichukuliwa na Blake Elliott, mchezaji wa Saint John's.