Jezi za Nyanda za Juu Kusini: Mapenzi Yapo, Faida Inashuka Dar

Kwa muuza jezi wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, neema huja kati ya Julai na Septemba. Mahindi na mpunga vimevunwa, wakulima wana fedha mkononi, na Simba na Yanga zinatambulisha jezi za msimu mpya. Baridi nayo inasaidia: skafu na masweta yenye nembo ya klabu hutoka pamoja na jezi.

Biashara hii imekua haraka. Mwaka 2021 Simba iliipa kampuni ya Vunja Bei haki ya jezi zake kwa Sh2 bilioni kwa miaka miwili. Mwaka 2025 kampuni ya Jayrutty ikaichukua haki hiyo kwa Sh38 bilioni kwa miaka mitano, yaani wastani wa Sh7.6 bilioni kwa mwaka. Anayezirudisha fedha hizo ni shabiki, na mashabiki wengi wako mikoani.

Tatizo ni safari ya mzigo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kila mkono unaopokea mzigo hukata chake kabla haujamfikia machinga. Orijino ikichelewa, feki inajaza pengo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inaruhusu mali bandia kukamatwa, lakini dawa ya kudumu ni jezi halali kufika mapema, kwa bei ambayo dereva wa bodaboda anaimudu.

Kisha kuna hatari ya jina la mgongoni. Hakuna anayejadiliwa vijiweni kama nahodha: amechelewa kurudi kukaba, krosi zake hazifiki, hawakemei wenzake timu inapozidiwa. Mjadala huo ndio unaouza, kwa sababu anayemtetea nahodha hutaka jina lake mgongoni. Lakini mwaka 2025 Mohamed Hussein 'Tshabalala', aliyetua Simba mwaka 2014 na kupanda hadi kuvaa kitambaa cha unahodha, alihamia Yanga. Jezi iliyokwisha kuchapwa jina lake hulala dukani. Mwenye mtaji mdogo achape jina mteja akishalipa.

Wapo pia mashabiki wanaotunza jezi za zamani. Jezi ya Yanga ya 2022/23 na ya Simba ya 2024/25, misimu ambayo kila moja ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ni kumbukumbu ambazo mwenyewe haziachii ovyo. Soko la jezi za zamani linastahili kupewa rafu yake.

Fursa kubwa zaidi iko nyumbani, kwa klabu za Nyanda za Juu zenyewe. Mbeya City ilipomaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, zambarau ilitawala Uwanja wa Sokoine. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019, ikafungwa na Azam FC 1-0. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Hamasa ya namna hiyo haidumu, na klabu isiyokuwa na mzigo tayari wakati wa hamasa haiuzi tena.

Mbeya City ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Iwape wachuuzi wa Mwanjelwa uwakala wa moja kwa moja, mzigo uwe sokoni kabla mavuno hayajaisha, na sehemu ya mapato ya kila jezi iingie katika mishahara ya wachezaji. Mashabiki wa Nyanda za Juu wameshaonyesha kwamba hulipia wanachokipenda. Klabu zao ziwape cha kununua.