Makuzi ya Mtoto Machoni pa Watu wa Nyumbani

Kadi ya kliniki anayopewa mama katika vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama, kama ilivyo kwingineko Tanzania, hubeba zaidi habari za chanjo na uzito. Chanjo huanza kwa ile ya kifua kikuu na matone ya polio mara tu mtoto azaliwapo, hufuatiwa na zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubela katika miezi 9 na miezi 18. Uzito nao hujazwa kwenye mchoro ambao maana yake haimo katika nukta moja bali katika mwelekeo wa mstari, kwa kuwa mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda hana shida, ilhali mnene ambaye mstari wake umelala miezi kadhaa anastahili kuchunguzwa. Hata hivyo, kliniki humwona mtoto asubuhi moja tu kwa mwezi, na mengine yote huonwa na watu wa nyumbani.

Watu hao si lazima wawe wazazi. Mama anapokuwa shambani kwenye mihogo, au mwaloni akianika dagaa, mtoto hubaki na bibi au na dada yake mkubwa, na mara nyingi hao ndio wa kwanza kujua kwamba ameanza kukaa bila kuegemezwa au kwamba hageuki anapoitwa. Muuguzi anayemhoji mama peke yake huenda akakosa nusu ya habari.

Zamani watazamaji wa nyumbani walikuwa peke yao kwa muda mrefu zaidi. Julius Nyerere, kwa mfano, alizaliwa Butiama mwaka 1922. Hakukutana na mwalimu wa shule hadi mwaka 1934 alipoingia Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Siku hizi mtoto hutarajiwa kupitia kwanza elimu ya awali, yaani darasa linalotangulia la kwanza, na Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Katika jina hilo refu, makuzi ni kuongezeka kwa mwili, na maendeleo ni kuongezeka kwa uwezo wa kutenda, kusema na kuhusiana na watu.

Kinachowasumbua wazazi wengi ni ulinganisho: wa jirani anatembea, wa kwetu bado. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani ulionesha kuwa watoto wenye afya hukaa bila msaada kati ya takriban miezi 4 na 9, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 17 na nusu, huku wapatao 4 katika kila 100 wakifika kwenye kutembea bila kutambaa kwa mikono na magoti. Pengo la miezi 9 kati ya watoto wawili wazima linatosha kuzima ugomvi mwingi wa uani.

Malezi yenyewe pia husogeza tarehe hizo. Charles Super, aliyechunguza Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya katika miaka ya 1970, aligundua kuwa watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, takriban kwa mwezi mmoja, kwa sababu walifundishwa makusudi na kupewa mazoezi, lakini hawakuwatangulia katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha. Kwa hiyo wepesi wa mtoto mara nyingi hueleza zaidi desturi za nyumba yake kuliko akili yake.

Usemi nao una mpangilio wake. Mtoto anayejifunza Kiswahili huweza kusema "taka maji" kabla hajamudu "nataka maji", akidondosha kiambishi cha nafsi, na kosa hilo ni hatua ya kujifunza. Katika nyumba za mkoa wa Mara ambako bibi huzungumza Kijita, Kizanaki au Kikurya na wenzake wa michezo Kiswahili, mtoto huchanganya maneno ya lugha hizo katika sentensi moja, na wapo wanaomshauri mama aache lugha ya bibi ili mtoto asichelewe kusema. Ushauri huo hauna msingi, kwani kuchanganya si dalili ya kuchelewa, na maneno anayoyajua katika lugha zote mbili yapaswa kuhesabiwa pamoja.

Yapo mambo machache ambayo hayapaswi kusubiri zamu ya kliniki: mtoto asiyeshtuliwa na sauti kubwa, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au aliyepoteza alichokwisha kukiweza, kama kusimama au kutamka maneno. Hili la mwisho haliwezi kuonekana kwenye mchoro wa uzito, na mtu pekee wa kulieleza ni yule aliyemwona mtoto akikiweza kitu hicho hapo awali, hata kama ni dada yake wa darasa la nne.