Ushanga wa Venice, Amri ya Ugogo

Tukienda Venice, wengi wetu tunaoishi Ulaya huridhika na gondola, picha juu ya daraja la Rialto, na boti ya kwenda Murano kumtazama fundi akipuliza kioo. Nakushauri upunguze matembezi hayo, utenge nusu siku ujifunze kutengeneza ushanga kwa moto. Warsha za kufundisha wageni zipo Murano na zipo Venice mjini, na hazidai uzoefu wowote. Kwa mtu wa Afrika Mashariki huu si ufundi wa watu baki. Katika karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Unguja, zikavushwa hadi Bagamoyo, zikabebwa na wapagazi kwenda Ugogo, Unyamwezi na Ujiji.

Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe Murano. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa za mbao, na tanuri moja lingeweza kuteketeza mtaa mzima. Kisiwani ilikuwa rahisi pia kuwachunga mafundi na siri zao, kwa kuwa walikatazwa kuhama na ujuzi wao kwenda nchi nyingine. Hapo ndipo familia kama ya Barovier zilipojenga jina. Marietta Barovier, binti wa fundi mashuhuri Angelo, anahesabiwa kuwa ndiye aliyebuni ushanga wa rosetta mwishoni mwa karne ya 15: tabaka za kioo cheupe, chekundu na cha bluu zilizopangwa hivi kwamba ukiukata ushanga unaona nyota ndani yake.

Shanga za Venice zilitengenezwa kwa njia kuu mbili, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Ya kwanza ni ya shanga ndogondogo ziitwazo conterie. Mafundi wawili walishika donge la kioo cha moto lenye tundu la hewa katikati, kila mmoja upande wake, wakaachana kwa haraka. Donge likavutika likawa mrija mwembamba wa makumi ya mita, na tundu likabaki humo ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Mrija ulikatwa vipande vidogo, kisha vipande vikapashwa moto huku vikizungushwa mpaka kingo kali zikalainika.

Njia ya pili ni ya taa. Fundi anakaa mezani mbele ya mwali mmoja, anayeyusha ncha ya fimbo ya kioo, na kuizungushia kwenye waya. Zamani mwali ulitoka kwenye taa ya mafuta iliyopulizwa kwa mivukuto, ndiyo maana shanga hizi bado huitwa perle a lume, shanga za taa. Kazi hii haikuhitaji tanuri kubwa, kwa hiyo katika karne ya 19 wanawake wengi waliifanya majumbani mwao. Wengine, walioitwa impiraresse, walikaa vichochoroni mwa mitaa ya Castello na Cannaregio wakitunga shanga ndogo: kisanduku cha mbao mapajani kimejaa shanga, na mkononi makumi ya sindano ndefu zilizotandazwa, zikichota shanga kwa mkupuo. Mchoraji John Singer Sargent aliwachora mwanzoni mwa miaka ya 1880. Malipo yao yalikuwa duni, na kazi iliwafikia kupitia kwa mama wa kati aliyegawa shanga na kukusanya mafungu yaliyotungwa.

Nani aliamua rangi za shanga hizi? Hapa ndipo vitabu vingi vya utalii vinanyamaza, nami naona ndipo penye uzito. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857, aliorodhesha aina za shanga zilizokuwa sokoni Unguja, na nyekundu iliyoitwa samesame ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa kupita zote. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa kuondoka Bagamoyo mwaka 1871, ilibidi aulize kwa makini nani anataka nini njiani. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine hazikununua hata kuku. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mizigo ya kioo kisichokuwa na thamani, na hongo ya kupitia nchi za watu hakuweza kuilipa.

Mpelelezi wa Kiskoti Joseph Thomson alikutana na masharti kama hayo mwaka 1883. Alipofika Taveta aligundua kuwa Wamaasai hawapokei shanga zisizotungwa kwa vipimo vyao, akalazimika kusimamisha safari na kuwapa wapagazi wake kazi ya kutunga. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba babu zetu walihadaiwa kwa vioo vya rangi, tuulize vizuri. Biashara ile ilibeba dhuluma kubwa, pembe na watumwa vikiwa ndani yake, na hilo halifichiki. Lakini katika suala la shanga mnunuzi wa bara alikuwa na jicho kali, na uchaguzi wake ulirudi Unguja, ukarudi kwa mawakala wa Ulaya waliotembeza kadi za sampuli, ukafika hadi kwenye meza ya mwanamke wa Venice.

Sasa turudi warshani. Ukikaa mbele ya mwali, jambo la kwanza utakalopewa ni miwani yenye rangi ya zambarau hafifu. Kioo kikipashwa moto hutoa mng'ao wa manjano wa sodiamu unaoficha kila kitu, na miwani hiyo huuzuia. Kisha unapewa kijiti cha chuma kilichopakwa udongo mzito kama uji, ili ushanga using'ang'anie, upate kuchomoka baadaye. Fimbo ya kioo huingizwa motoni polepole. Ukiharakisha inapasuka na kurusha vipande. Ncha ikishakuwa donge linalong'aa, unaigusisha kijitini na kuzungusha.

Kuzungusha ndiko kazi yenyewe. Ukisimama kidogo tu, ushanga unalegea upande mmoja. Mwalimu haongei sana wakati huu, na inafaa asiongee, maana mikono yote miwili ina majukumu tofauti na akili inatosha hiyo tu. Rangi nazo hubadilika motoni, na nyekundu hairudi wekundu wake mpaka ipoe. Mwisho ushanga huachwa upoe taratibu sana, la sivyo mkazo wa ndani utaupasua. Ndiyo maana mara nyingi utaambiwa uje kuuchukua kesho yake, basi usipange somo siku ya kuondoka. Vaa nguo za pamba, na nywele zifungwe.

Mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa shanga za kioo kwenye orodha ya urithi usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya Italia na Ufaransa. Hata hivyo hali ya Murano si nyepesi. Kiwanda kikuu cha conterie kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bei ya gesi ilipopanda mwaka 2022 matanuri kadhaa yalizimwa. Shanga ndogo za bei rahisi unazoziona vibandani nyingi si za kisiwa hicho. Ukinunua kitu cha kioo, tafuta alama ya Vetro Artistico Murano.

Baada ya somo, nenda Museo del Vetro, jumba la makumbusho lililoanzishwa Murano mwaka 1861. Utaziona shanga kwa jicho jingine. Ile iliyozungushiwa kwenye waya ina mistari ya kioo inayozunguka tundu. Ile iliyokatwa kwenye mrija mistari yake inafuata tundu. Kipimo hicho unaweza kukitumia nyumbani pia, kwa lenzi ndogo, kwenye shanga za zamani za bibi yako. Ukiona mshono mwembamba ubavuni, ushanga huo ulibanwa kwenye kalibu, na yaelekea ulitoka Bohemia, sehemu ya Czechia ya leo, iliyoshindana na Venice kwa soko letu na bado inauza Kenya na Tanzania hadi leo.